Motokari ndogo yenye volani ya kuume

Wamama wapendwa, tangu nimeanza kufika kwenye mkutano wetu na ile motokari ndogo ya rangi ya majivu, maulizo hayaishi. Inakunywa esansi ngapi? Inaweza kubeba nini? Fundi wake ni nani? Na sasa kuko mama mmoja wa likelemba yetu ambaye zamu yake ya kupokea inafika mwezi ujao. Anataka kununua kama hii yangu, na ameniomba nimwambie ukweli, mazuri na mabaya. Nimeona afadhali niandike hapa ili wote wasome, kwani zamu za wengine nazo zinakuja.

Kwanza mujue ni motokari gani. Ni Toyota IST ya namna ya kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Yangu ni ya 2005, injini 1300. Kuko na za 1500 pia. Kwa hiyo ninaposema ni mpya, ni mpya kwangu. Huko Japani mtu mwingine aliiendesha miaka mingi mbele yangu, na alikuwa mtu wa usafi, maana viti havikuwa na alama hata moja. IST ni ndugu ya Vitz. Chini ni ileile, juu wameiongezea mwili na magurudumu makubwa kidogo. Zinapita mbele yetu kila siku, na nyingi zinafanya kazi ya takisi.

Yangu ilishuka kwenye meli Dar es Salaam, ikaendeshwa mpaka mpakani Tunduma, ikavuka Zambia yote, ikaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2 000. Kumbukeni ile njia, tutairudia, kwani Japani, Tanzania na Zambia wote wanatembeza motokari upande wa kushoto. Safari yote ile volani yake ya kuume ilikuwa mahali pake. Ilipovuka kizuizi cha Kasumbalesa ndipo ikawa na kilema, na haikubadilika kitu hata kimoja.

Lakini nianze na mazuri, kwani ni mengi na sitaki mtu afikiri ninajuta.

Esansi ndiyo ya kwanza. Nimepima mwenyewe, sikufuata maneno ya muuzaji. Ninajaza tangi mpaka juu hapa Likasi, ninakwenda Lubumbashi kutafuta vikwembe na nguo za watoto, ninarudi, ninajaza tena palepale. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 240, na kule mjini ninazunguka kidogo. Inakula litro 17 au 18. Pick-up ya zamani ya bwana yangu, ile tuliyouza, ilikuwa ikikunywa karibu mara mbili. Na mbele ya pick-up, wale wa zamani mulionifahamu wakati ule munajua, nilikuwa ninalipa kiti changu kwenye bisi, kisha ninalipa kila furushi, na mafuruto yanawekwa juu. Mvua ikinyesha katikati ya njia, mali inafika na harufu. Sasa mali yangu inafika kavu.

Ya pili ni tumbo lake. Ukiiangalia nje unasema ni kikopo. Lakini ukilaza viti vya nyuma, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na ndani ninaingiza mafurushi matatu ya vikwembe pamoja na mifuko miwili ya bunga ya kilo 25. Ule mlango ukifunguliwa ni kivuli pia. Siku moja nimeuza chini yake mpaka saa nane bila mwavuli. Na kwa sababu ni fupi, haifiki metre ine, inageuka mahali padogo. Karibu na soko la Kikula, ambako wanaume wenye jeep wanatukana na kutoa jasho, mimi ninaingia na kutoka.

Haina ambreyaje. Miguu miwili, pedali mbili, mguu wa kushoto umepumzika. Goti langu la kushoto munalijua, sitaongeza neno.

Tena piyesi zake hazikosi. Plaketi za freni, filtri, amortiseri, vyote viko dukani, na fundi yeyote wa mtaani ameisha kuifungua mara mia. Ndani ya injini kuko mnyororo wa chuma, si mkanda wa mpira, kwa hiyo hakuna ule mkanda wa kubadilisha kwa feza nyingi. Lakini mnyororo unapenda mafuta safi. Mimi ninabadilisha mafuta kila kilomita 5 000 na ninaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi ndani ya mlango. Shida ya piyesi ni moja: nyingi si za kweli. Nilinunua filtri ya mafuta kwa bei ndogo kwenye duka ambalo sitalitaja, fundi akaipasua mbele yangu, na ndani karatasi ilikuwa kama ya daftari la mtoto. Sasa fundi anakwenda na mimi dukani. Ninamlipa hiyo nusu saa, na inafaa.

Mambo ya karte roze: iko kwa jina langu. Wamama wengine wamenivuta pembeni kuniuliza kama bwana alitia sahihi ya kuniruhusu. Zamani ingetakiwa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mapatano ya namna hiyo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 imeondoa ile ruhusa. Sasa inataka bibi na bwana wapatane, yaani hata bwana anapaswa kupatana na wewe. Kwetu tulipatana mezani, tena kwa sauti ya juu kidogo, lakini tulipatana. Kwenye ofisi moja mtu bado aliniomba barua ya bwana. Nilimwambia mwaka wa sheria, akaenda kuuliza mkubwa wake, akarudi na muhuri. Shikeni ile tarehe kichwani.

Na kuko jambo la kuchekesha. Kila asubuhi nikiwasha, mwanamke Mjapani anasema maneno kwa sauti tamu sana. Watoto wangu walikuwa wanamwitikia, "Ndiyo, mama!" Kijana wa jirani alitafuta maana yake kwa simu: anasema karte ya peaje haijaingizwa. Kule Japani motokari inapita peaje bila kusimama, mashine inahesabu feza yenyewe. Maskini yule mama bado anangoja karte yake, na sisi kwenye peaje ya barabara ya Lubumbashi tunatoa feza mkononi.

Sasa nisiyoyapenda. Madogo nitayapita mbio.

Redio yake ni karibu bure. Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM kutoka 76 mpaka 90, na redio zetu nyingi ziko juu ya 90. Maandishi yote kwenye kioo chake ni ya Kijapani. Tumbo lake liko chini. Kutoka mwezi wa kumi na moja, mvua ikishika, njia ya kwenda kwangu inakuwa mfereji, na nimekwisha kushonesha parshoki ya mbele mara mbili kwa waya. Kuko na vumbi pia, hilo ni letu watu wa Kakontwe. Jiwe letu la chokaa limepata jina kubwa, hata wataalamu wa mawe kule Zambia wakilikuta chini ya udongo wao wanaliita Kakontwe. Lakini sifa hiyo haizuii unga wake mweupe kuingia katika filtri ya hewa. Fundi wa Lubumbashi aliniambia nibadilishe filtri ya hewa mara moja kwa mwaka. Nilipofungua baada ya miezi mitatu ilikuwa kama imepakwa bunga. Ninaipiga-piga kila mwezi na kubadilisha mara tatu kwa mwaka.

Hayo yote ninayavumilia. Volani ndiyo siivumilii.

Kwa mama asiyeendesha nitaeleza polepole. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Shofere anapaswa kukaa kushoto, karibu na katikati ya barabara, ili aone nani anakuja mbele. Mimi ninakaa kuume, karibu na majani. Ninaona vizuri sana mbuzi, mashimo ya pembeni na watu wanaotembea kwa miguu. Kile kitakachoniua, kile kinachokuja mbele yangu, sikioni.

Hapa mjini haina neno kubwa. Mwendo ni mdogo, unazoea. Juma la kwanza nilikuwa ninawasha fagio za kioo kila nilipotaka kuonyesha ninageuka, kwani vijiti vile pia vimebadilishana upande. Sasa mkono umejua. Kuko tu jambo la milango. Anayekaa mbele kushoto, mlango wake unafunguka ndani ya barabara, kwenye moto na takisi zinazopita. Kwangu watoto wanashuka kwa mlango wa nyuma wa kuume peke yake. Ule wa nyuma kushoto nimeufunga kwa kile kifungo cha watoto, hawaufungui hata wakitaka.

Taa ndizo zilinishangaza, kwani hakuna aliyenieleza wakati wa kununua. Taa za motokari ya Japani zinapowaka chini, mwanga wake unapanda kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kule kushoto ndiko kando ya barabara, kwenye watu. Kwetu ule mwanga unapanda moja kwa moja ndani ya macho ya anayekuja mbele, na kando yetu ya kuume, ambako wanaume wanasukuma baiskeli za makala bila taa yoyote, kunabaki giza. Siendeshi usiku nje ya mji. Saa tisa kamili ninatoka Lubumbashi, hata kama muuzaji wa vikwembe anasema ngoja kidogo, mzigo mpya unafunguliwa.

Lakini jambo lenyewe ni kupita kamio. Munaijua barabara ya Lubumbashi. Kamio za sahani za shaba zinashuka kwenda Kasumbalesa, matangi ya asidi yanapanda kwenda migodini, zote ndefu, zote nzito, na kwenye vilima zinatembea kama mtu anayebeba maji kichwani. Nyuma ya kamio kama hiyo mimi ninaona milango ya kamio tu. Ili nione mbele lazima nitoe motokari karibu yote katikati ya barabara, na wakati ule kama mtu anakuja, tumekwisha kuonana kwa karibu mno. Wenye motokari za volani ya kuume wanafanya nini? Wanamuuliza anayekaa kushoto. "Kuko mtu?" "Hakuna, pita!" Ndivyo wengi wanavyosafiri, hata takisi zenye watu wanaolipa. Maisha ya watu watano yanashikwa na abiria ambaye labda hajawahi kushika volani, hajui motokari inayokuja iko na mwendo gani, na labda alikuwa anaangalia simu.

Mwezi wa nne tulikuwa tunarudi, mimi na binti yangu wa pili, ana miaka 13. Alikuwa amekaa mbele kushoto, nyuma kulikuwa mafurushi. Tulikuwa nyuma ya kamio ya shaba muda mrefu, jua kali, moshi wake ndani ya pua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua tutaifuata mpaka isimame kwenye peaje. Sikumuuliza kitu. Lakini yeye amesafiri kwenye takisi nyingi, anajua kazi ya kile kiti. Akatoa kichwa, akasema, "Mama, pita, hakuna mtu." Sikupita. Mara akapiga kelele, "Hapana! Hapana, mama!" na pick-up nyeupe ikapita karibu nasi kwa mwendo wa wazimu, ilitoka nyuma ya kilima kidogo ambacho yeye hangeweza kukijua.

Hakuna kilichotokea. Tulikuwa upande wetu, nyuma ya kamio yetu, polepole. Lakini mtoto alinyamaza mpaka nyumbani, na usiku akaja jikoni nikiwa ninasonga bukari, akauliza: "Kama ungenisikia, ingekuwa ni mimi?"

Nilimjibu hapana, volani ilikuwa mikononi mwangu. Aliitika kwa kichwa tu. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kulala na swali kama hilo, na ni kiti ndicho kilichompa.

Tangu siku ile, kiti cha mbele kushoto hakikaliwi na mtoto nje ya mji. Anakaa mtu mzima, au linakaa furushi. Na yeyote anayekaa pale haniambii pita. Anaweza kusema ngoja, hilo neno ninalipokea saa yoyote. Mimi sipiti kamio isipokuwa mahali ambapo ninaona mwenyewe. Kuko namna moja tu ambapo volani ya kuume inasaidia kidogo: barabara ikipinda kwenda kuume, nikibaki nyuma mbali, ninaona mbele kwa upande wa ndani wa kamio, na kama ni wazi mpaka mbali, basi pindo likinyooka ninajitayarisha. Kubaki mbali ndiyo siri yenyewe. Ukijibandika kwa kamio huoni kitu, na shofere wake hakuoni. Safari yangu imerefuka kwa dakika 40, siku nyingine saa nzima. Wale walio nyuma yangu wanapiga honi. Wapige.

Mutaniuliza, si kuko mafundi wanaohamisha volani kuipeleka kushoto? Wako. Nilikwenda kuona moja ikifanyiwa kazi. Wanakata chuma cha mbele, wanageuza mpangilio wa freni, wanaunganisha fimbo za volani kwa moto, na ile mifuko ya hewa inayopaswa kufunguka ukigonga inabaki pambo. Fundi alinionyesha kwa kiburi, na kwa macho ilipendeza. Nikauliza, ukikanyaga freni kwa nguvu mara elfu moja, kile alichounganisha kitashika? Akacheka. Nilirudi nyumbani na volani yangu ya kuume. Afadhali kilema ninachokijua.

Tena tumesikia mara nyingi kwamba volani ya kuume itakatazwa kabisa. Kesho itakuwaje, sijui. Anayenunua ahesabu hilo pia, kwani siku litakaposhikwa kwa nguvu, bei ya kuuza itaanguka siku hiyohiyo.

Basi, mama wa zamu ya mwezi ujao, unisikie hivi. Kama kazi yako ni hapa Likasi, kutoka Kakontwe kwenda sokoni, watoto shuleni, ibada, matanga, nunua IST, utaifurahia, na mimi nitakwenda nawe kuichagua. Lakini wewe umeniambia unataka kuanza biashara ya samaki kutoka Lubumbashi kila juma. Kwa hiyo kazi ninasema ngoja. Tafuta Yaris iliyotoka Ulaya: ni Vitz ileile kwa jina lingine, na volani yake iko kushoto. Niliulizia bei, inazidi yangu kwa dolari 1 500, nyingine 2 000, na ni chache. Ninajua ni feza nyingi. Tunaweza kuzungumza kwenye likelemba kama kuko anayekubali kubadilisha zamu, ili zako mbili zifuatane. Mimi kwa upande wangu niko tayari kusogea.

Na anayetaka kuona kwa macho, apite kwangu jioni yoyote, aje na bwana yake kama anapenda. Mbele ya nyumba ya jirani kuko kamio ambayo imesimama tangu Pasaka kwa kukosa pine. Nitaweka motokari nyuma yake, mutakaa kwenye kiti cha shofere mmoja mmoja, na mutaniambia ni nini munachokiona.